Baraza likitutoa nje, litutajie basi namba ya kesi

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Mimi ni muuza viazi mviringo, Uyole, Mbeya. Mzigo nauchukua Umalila, Makete na Njombe, na vizimba ninavyo katika masoko ya halmashauri tofauti, kwa hiyo ushuru na kodi nazilipa kwa wengi. Ndiyo maana nikipata mwanya naingia kwenye mabaraza ya madiwani kusikiliza. Wenzangu sokoni wananicheka, wanasema nimekosa kazi. Waache wacheke. Kila geti la ushuru ninalopita napewa risiti ya mashine, na mwenye risiti ana haki ya kuuliza.

Robo iliyopita nilihudhuria baraza la halmashauri moja ya huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Siitaji jina, na si ya jiji ninaloishi. Taarifa za kata zilisomwa, madiwani wakalumbana kuhusu gari la taka, tukacheka kidogo. Ilipofika ajenda ya kesi ya mkandarasi wa vizimba vya soko, ambako nina kizimba changu, mwenyekiti akasema: "Waheshimiwa, hapa tutakaa kama kamati. Wageni na waandishi wa habari, tunaomba mtupishe."

Tukapisha. Tulikuwa wafanyabiashara wachache, wazee wa mtaa na vijana wa redio, tumesimama nje na baridi ile ya Julai, mgambo kaziba mlango. Mama wa chai akawa anaingia na chupa, anatoka na sahani, anaingia tena. Yeye hakuna aliyemwambia apishe.

Walipotoka nilimfuata diwani mmoja, kijana ninayemfahamu toka yuko shule, nikamuuliza wameamua nini. Akanijibu kwa adabu zote: "Shikamoo mama. Mambo ya kisheria hayo, mama yangu, hatuwezi kuyasema."

Jioni hiyo hiyo kijiwe cha bajaji kilikuwa kinayasema. Mmoja alisema halmashauri inadaiwa milioni mia nne. Mwingine, bilioni moja na nusu. Wa tatu aliapa kwamba vizimba vyote vinapigwa mnada. Siku chache baadaye kuna wenzetu waliouza haki zao za vizimba kwa bei ya kutupa, kwa hofu tu. Na walionunua ni watu wenye ndugu ndani ya ule ukumbi. Sisemi zaidi ya hapo.

Mhariri, nisieleweke vibaya. Sipingi mwanasheria wa halmashauri kuteta na madiwani. Mimi mwenyewe nikifika shambani simtajii mkulima bei yangu ya mwisho kabla hajataja yake. Mwanasheria akitaka kuwaambia madiwani kwamba ushahidi wetu ni dhaifu, kwamba mdai akikubali nusu tusiikatae, hayo hayawezi kusemwa huku wakili wa upande wa pili amekaa kwenye viti vya wageni. Hata Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaruhusu ofisi kuzuia taarifa inayoweza kuidhoofisha katika kesi. Hapo sina neno.

Neno langu ni kwamba mlango unafungwa mpana kuliko sababu yake. Siku hizi jambo lolote lililopita mezani kwa mwanasheria linaitwa la kisheria. Mkataba wa wakala wa kukusanya ushuru, tutoke nje. Mgogoro wa mpaka wa shule na jirani yake, tutoke nje. Nimewahi kutolewa hata kwenye ajenda ya sheria ndogo, jambo ambalo kwa utaratibu wakazi wanatakiwa kutangaziwa mapema ili watoe maoni na mapingamizi yao! Sheria za serikali za mitaa za 1982 zililitaka baraza liwe mkutano wa wazi. Kamati ndizo zinazokaa faragha. Sasa baraza zima likijiita kamati kila linapoona aibu, huo uwazi unabaki kwenye daraja na gari la taka.

Halafu kesi zenyewe si siri. Tangu marekebisho ya sheria ya 2020, anayetaka kuishtaki halmashauri anaanza kwa kutoa notisi ya siku 90, kisha anafungua kesi Mahakama Kuu akimuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kesi ikisikilizwa, mtu yeyote anaweza kuingia mahakamani akakaa. Hukumu zinawekwa kwenye mtandao wa TanzLII, mwanangu anayesoma sheria huzifungua kwa simu. Kwa hiyo mdai anajua anachodai, wakili wake anajua, jaji anajua, mawakili wa Serikali wanajua. Asiyejua ni mwenye kizimba, ambaye kodi yake ndiyo inayotegemewa siku ya kulipa.

Zile siku 90 ndizo zinazonikosesha usingizi. Ndipo halmashauri inapoweza kumaliza jambo kwa bei nafuu, na ndipo inapoweza kukaa kimya mpaka deni likazaa riba na gharama za mawakili. Uamuzi huo mkubwa kuliko yote unafanyika wakati hakuna jalada mahakamani na hakuna mwandishi wa habari ukumbini. Miaka ikipita, halmashauri ikishindwa, tunasoma kiasi kwenye taarifa ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, na madiwani waliokuwamo ndani siku ile wengine wameshaondoka. Nani atatuambia kama waliwahi kuletewa rai ya suluhu wakaikataa?

Wenzetu wamejaribu kuweka mipaka. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 196, inalitaka bunge la kaunti lifanye shughuli zake kwa uwazi na isiwe rahisi kuwafukuza wananchi na vyombo vya habari: lazima spika aone kuna sababu za kipekee zinazokubalika. Mwanangu aliniambia pia kuhusu California, Marekani, ambako sheria ya mikutano ya wazi ni ya tangu 1953. Halmashauri ya kule inaruhusiwa kujifungia na wakili wake kuhusu kesi, ila ikitangaza kwanza msingi wa kujifungia, na suluhu ikishafikiwa haibaki siri. Sisi hatuhitaji kwenda mbali hivyo, Katiba yetu Ibara ya 146 inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi.

Ninachoomba kwa madiwani wa huku kwetu ni kidogo. Kabla ya kututoa, tuambiwe ni shauri gani, na kama ni notisi tu, tuambiwe hivyo. Wakimaliza, waturudishe tuelezwe kama wameamua kuendelea, kusuluhisha au kuahirisha, bila kutaja mbinu zao. Shauri likiisha, muhtasari wa kikao kile ufunguliwe na kiasi kilicholipwa kibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata, pamoja na fungu kilikotoka.

Barua yangu ya kuulizia ile kesi ya vizimba imepokelewa masijala na kugongwa muhuri. Sheria hiyo ya 2016 inawapa siku 30 kunijibu. Wakiona sehemu fulani haisemeki, waniandikie hivyo na sababu yake. Ila baraza lijalo nitakuwepo tena, na mwenyekiti akifika kwenye ajenda hiyo namwomba, kwa heshima, asome namba ya kesi kabla hajasema tumpishe.

Muuza viazi,
Uyole, Mbeya