Vocha ya Kofia: Lipa Wewe, Achague Yeye

Kila Ramadhani inapoingia kumi la mwisho, simu zinazopigwa dukani kwetu hapa Langoni, Lamu, huwa za namna moja. Mtoto yuko Mombasa, Nairobi au Doha, anataka kumnunulia baba yake kofia ya Idi. Tukimuuliza saizi anajibu, "Kichwa cha kawaida tu." Kofia za watu wazima huanzia kama inchi 21 hadi 24, na nusu inchi inatosha kuiharibu zawadi. Ikibana huacha alama kwenye paji, ikipwaya huanguka mtu akisujudu. Tena kofia ya vito, yaani ya kushonwa kwa mkono, si shati la kupunguzwa ubavuni: maua yameshonwa kwa mkono kuzunguka kofia nzima, ukikata umelikata ua katikati.

Ndiyo maana tumeanzisha vocha ya zawadi. Unalipa kwa M-Pesa, tunaandika kadi yenye jina lake, jina lako na maneno utakayotutumia, kisha tunaiingiza kwenye daftari la duka ili kadi ikipotea asipoteze haki yake. Mwenyewe huja siku anayotaka, tukampima, akashika kofia mkononi, akachagua ua na rangi ya uzi.

Wengine hutuuliza kwa nini wasimtumie mzee pesa tu. Ni swali la haki. Kama nyumbani kuna dhiki, tuma pesa, vocha isubiri. Lakini pesa ikishaingia kwenye simu ya mzazi huenda kwenye unga, tokeni za stima na karo ya mjukuu, na yeye Ijumaa atatoka na kofia ile ile ya zamani. Wazazi wetu wengi hawajinunulii kitu kizuri mpaka mtu awafungie njia ya kukikataa.

Kwa sababu hiyo hiyo tunakushauri kadi iandikwe "kofia moja ya mkono", isiandikwe shilingi. Mzee akiona kiasi cha pesa hutafuta ya bei ya chini, kisha huuliza kama chenji inaweza kununuliwa leso ya mama. Wewe tuambie kiwango chako pembeni. Tutamtolea kofia zinazoingia humo, na bei hatumtajii. Akipenda kikoi badala ya kofia, achukue kikoi. Zawadi ni yake.

Vocha zetu hazina tarehe ya kuisha, na hili tumelishikilia kwa makusudi. Mzee wa Faza au Siyu hapandi boti kuja mjini kwa ajili ya kofia peke yake. Atakuja siku ana shughuli ya hospitali au harusi, pengine miezi mingi baada ya Idi. Ulicholipia kofia kitabaki kuwa kofia, hata uzi ukipanda bei. Ukibadili nia kabla kadi haijatumika, wewe mlipaji tunakurudishia pesa zako.

Jambo moja linahitaji subira. Asipopata ua alipendalo kwenye rafu, fundi huanza upya: kitambaa kinachorwa, kinatobolewa vitundu vidogo vidogo, na kila kitundu kinazungushiwa uzi kwa sindano. Kofia nzuri huchukua wiki nyingi, nyingine miezi kadhaa, na hatuwakimbizi mafundi wetu, kwani mkono wa haraka huonekana kwenye kazi.

Kadi yenyewe tunaiandika siku ile ile unayolipa, hata ikiwa ni mkesha wa Idi. Ila ukitaka avae kofia ya kushonewa kwenye Maulidi ya msikiti wa Riyadha hapa Lamu, mwezi wa Mfungo Sita (Rabiul Awwal), mhimize aje kupimwa kabla Mfungo Tatu (Dhul Hijja) haujaisha.