Dawa yako ipo juu ya kabati

Lushoto

Shoga yangu Zubeda,

Asalaam aleikum. Huku sote wazima, ila baridi inatutafuna na mvua za vuli hazitaki kukatika. Mzee anakusalimu, goti limepata nafuu. Salma kamaliza mitihani, sasa kazi yake kulala tu. Haya, salamu zimetosha, maana swali lako nalijua: ile dawa ya konokono uliyompa kijana wa basi aniletee, nimeshaimwaga kwenye stroberi?

Sijaimwaga. Ipo juu ya kabati, pakiti haijafunguliwa. Usinune kwanza, nisikilize.

Zile punje za buluu zimechanganywa na nafaka ili konokono wazifuate. Sasa nafaka gani itamvuta konokono halafu kuku aipite hivihivi? Nimesoma pakiti, ni metaldehaidi. Uingereza walishaipiga marufuku isitumike nje tangu 2022, kwa ajili ya ndege na wanyama. Mbwa akiila anatetemeka mwili mzima mpaka degedege. Na mimi hapa nina kuku wasiotulia, mbwa wa jirani anayeingia kwa pengo la ua kila siku, na huyu mjukuu ambaye kila anachookota kinakwenda mdomoni. Nitalalaje usingizi?

Lakini usidhani sina uchungu na stroberi zangu. Wewe kwenye simu ulisema ni ndege wanaozila. Ndege akidonoa, utaona pamechanika juu. Koa anaingilia chini, wala humwoni. Juzi asubuhi naona moja jekundu, limeiva vizuri, nikasema hili la mjukuu. Nalishika, jepesi. Kuligeuza, tumbo lote limeliwa, na mle ndani kajikunja koa mdogo wa kijivu, katulia kama mwenye nyumba, ute unang'aa mpaka kwenye kikonyo. Nilitukana, Mungu anisamehe.

Kila mtu ana dawa yake, si unajua watu wetu. Mama Athumani kang'ang'ana na maganda ya mayai, kanikusanyia mfuko mzima. Salma akamtolea simu: wenye chama cha bustani cha Uingereza, Royal Horticultural Society, walijaribu maganda hayo, na changarawe, na utepe wa shaba, wakatoa majibu 2018. Koa walikula letusi vilevile. Mama Athumani akasema koa wa Kizungu hao. Majivu nayo yanasaidia yakiwa makavu, ila mvua hii ya Lushoto itakuachia majivu makavu saa ngapi? Na chumvi, tafadhali, usimwambie mtu amwage bustanini. Koa atakufa, na udongo utakufa naye.

Tena kuna huyu mpwa wa Mzee, kaja na habari ya kutegesha pombe kwenye bakuli. Nyumba hii! Nikamwambia wanachofuata ni harufu ya hamira tu, basi nikakoroga hamira na sukari kwenye maji ya vuguvugu, nikafukia bakuli mdomo ukiwa juu kidogo ya udongo. Walizama, kweli. Ila harufu ilipovuka ua, jirani mmoja (unamjua) akaanza kuuliza watu kama siku hizi tunapika gongo.

Kinachosaidia hasa ni kujua saa zao. Koa mwili wake maji matupu, jua na ukavu hataki. Kwa hiyo kumwagilia jioni nimeacha, namwagilia alfajiri, ili usiku ukiingia juu ya tuta pawe pamekauka. Katikati ya matuta nalaza kipande cha ubao na gunia lililoloana. Asubuhi nainua, wamejazana chini yake, na wakati mwingine na mayai yao, vipunje vyeupe vinavyopitisha mwanga. Nawakusanya kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Mvua ikinyesha usiku natoka na tochi, mfuko wa nailoni mkononi. Mzee anachungulia dirishani anacheka.

Mkono mtupu siwashiki, na hili nisikilize kwa makini. Konokono na koa wanaweza kubeba minyoo ya panya, ambayo ikimwingia mtu inaweza kupanda mpaka kwenye ubongo. Watoto wako hapo Tanga wanachezea yale makonokono makubwa ya kwenye migomba, nimewaona kwa macho yangu wakiyashindanisha mbio. Wanawe mikono kwa sabuni. Na tunda lililookotwa chini lioshwe kwa maji yanayotiririka, hata kama linaonekana safi.

Lakini kichanja! Unakumbuka kabati la chakula la Bibi pale Ngamiani, miguu yake kwenye makopo ya maji ili sisimizi wasipande? Nimefanya vivyo hivyo. Stroberi nimezihamishia kwenye ndoo kuukuu zilizotobolewa chini, ndoo juu ya kichanja, kila mguu ndani ya kopo la maji ya chumvi. Chumvi inabaki humo humo kopo, udongo hauguswi, na mbu hawapati pa kutagia kirahisi. Sharti jani lisiguse ukuta wala nyasi, maana koa akipata daraja hilo moja tu, kwisha habari. Za kwenye kichanja tunakula sisi. Za chini kwenye matuta bado tunagawana nao.

Na hizo za chini ndizo zilizonifanya nikuandikie. Naomba bata. Si mzinga, bata hawa wa kawaida. Karibu na Stellenbosch, Afrika Kusini, kuna shamba la mizabibu linaitwa Vergenoegd, kila siku wanafungulia jeshi la bata wapite kwenye mizabibu wale konokono. Salma alinionyesha, nikacheka mpaka machozi, wanavyokimbia kwa mistari! Najua bata na stroberi nao anakula, kwa hiyo nitawaachia wakati matunda hayajatoka, yakianza kuwiva nawazuia kwa wavu.

Basi niambie. Mwanahawa bado anafuga, au kauza wote? Siku hizi bata mmoja anakwenda bei gani? Hawa waliozoea joto la Tanga wataiweza baridi ya huku, au nianze na vifaranga? Kijana wa basi atakubali kubeba tenga, au atasema wananuka? Papai zako zimepona? Na dume ana kazi yoyote kwenye kula koa, au nichukue majike matupu?

Nijibu kabla ya Ijumaa, Mzee anashuka Mombo na anaweza kuwapokea.

Wako,
Mwanaidi