Kabla ya Jinja, wapelekeni watoto Enyau

Ndugu Mhariri,

Msimu wa safari za shule umefika na mabasi yameshaanza kukodiwa. Hapa Arua ratiba haibadiliki: usiku kucha barabarani hadi Kampala, asubuhi uwanja wa ndege wa Entebbe, mchana wanyama, kesho yake Jinja kutazama mahali Mto Naili unapotokea ziwani na bwawa lililofunguliwa mwaka 1954. Watoto wanarudi wamechoka, picha zimejaa kwenye simu za walimu, na mzazi ameshatoa pesa iliyokuwa imetengwa kwa ada. Sina ugomvi na Jinja. Mtoto wa Uganda na auone mto huo. Lakini kila nikiwauliza wanafunzi wangu wa Sinia ya Tatu wanataka kufanya kazi gani, jibu ni lile lile: daktari, wakili, rubani, na siku hizi "biashara". Hajatokea hata mmoja wa kutaja mtambo wa maji, na si kwamba wanaidharau kazi hiyo. Hawajui kama ipo.

Maji yenyewe wanayajua kuniliko mimi mwalimu wao. Wao ndio wanaobeba jerikani alfajiri, wao ndio wanaojua bomba la mtaani litafungwa saa ngapi kiangazi kikikaza na Enyau, mto unaonywesha mji wetu, ukipungua. Wasichokijua ni watu. Hawajui kwamba kuna opereta wa zamu anayekesha, mkemia anayepima, fundi wa umeme wa pampu, mpimaji anayechora mabomba yanapopita, na mtu ambaye kazi yake ni kutembea akitafuta panapovuja chini ya ardhi. Hiyo ya mwisho si kazi ndogo. Katika mtandao wa Shirika la Taifa la Maji na Majitaka, karibu theluthi ya maji yanayosafishwa hupotea bila kulipiwa, mengine kwa kuvuja, mengine kwa wizi, mengine kwa mita mbovu.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu wakuu ni jepesi: kabla ya kukodi basi la Kampala, wapelekeni watoto kwenye mtambo wa maji ulio karibu nanyi, na wakifika wapewe kitu cha kufanya. Wenzetu wa Kampala wana Ggaba, wana Bugolobi ambako majitaka ya mji husafishwa, na wakitaka kwenda mbali kidogo wana Katosi, mtambo uliojengwa kutoa lita milioni 160 kwa siku. Sisi tuna Enyau. Ni mto mdogo, wenye kazi nyingi kupita ukubwa wake: wanaosha magari humo, wanafyatua matofali kandokando, wanalima hadi ukingoni, kisha mji mzima unategemea kunywa.

Niliwapeleka wanafunzi huko baada ya mvua kubwa, na ilikuwa bahati, kwa sababu mto ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Afisa aliyetupokea alianza kwa hotuba ya Kiingereza kuhusu dira na malengo, na nikaona macho ya watoto yakianza kutangatanga. Aliyetuokoa ni opereta, kijana wa overoli. Alitugeuzia Kiswahili, akapanga mezani bika sita, yaani vyombo vya kioo vya maabara, akazijaza maji ya mto, akamwambia msichana aliyekuwa karibu yake atie shabu, dawa inayokusanya uchafu wa maji: ya kwanza asitie kitu, ya pili kidogo, ya tatu zaidi, hivyo hivyo hadi ya sita. Wakakoroga haraka kwa muda mfupi, kisha polepole, kisha wakaacha.

Bika ya kwanza ilibaki vile vile. Ya tatu ilianza kuonyesha vinyuzi, vinyuzi vikashikana vikawa mabonge, mabonge yakaanza kushuka. Ya nne ilikuwa safi kiasi kwamba ungeweza kusoma maandishi yaliyowekwa nyuma yake. Ila ya sita, iliyotiwa shabu kuliko zote, ilibaki na ukungu. Mvulana mmoja ambaye darasani huwa hafungui mdomo akauliza kwa nini dawa ikizidi uchafu unakataa kuzama. Nimefundisha kemia miaka mingi nikilitamani swali hilo. Opereta akaeleza: chembe za udongo zina chaji hasi, zinasukumana, ndiyo maana zinaelea. Shabu ina chaji chanya, inazituliza zikaweza kushikana. Ukizidisha, zote zinageuka kuwa chanya na zinaanza kusukumana upya.

Kisha ikaja hesabu. Kama bika iliyofaulu ilikuwa na miligramu 40 kwa lita, na mtambo unasafisha lita milioni moja, unahitaji shabu kilo ngapi? Walipata jibu, kilo 40, wakiwa wamesimama, bila kikokotoo. Opereta akawaambia kwamba mtu wa zamu akikosea hesabu hiyo saa nane za usiku, asubuhi mji unapokea maji ya tope au shirika linamwaga pesa bure. Hapo ndipo nilipowaona wanamtazama yule kijana kwa namna nyingine. Mwishoni walipima klorini kwa kidonge kinachogeuza maji kuwa ya rangi ya waridi, wakailinganisha rangi na ile ya kwenye kipimo. Safari nzima, pamoja na kutembea, ilimalizika kabla ya chakula cha mchana.

Lakini mji si Uganda yote. Wengi wa wanafunzi wangu wanatoka vijijini, na huko mtambo wa maji ni kisima cha pampu ya mkono. Huo nao ni darasa, tena halina geti. Mtafuteni fundi wa pampu wa saabukaunti yenu, mlipeni siku yake (nasema mlipeni, maana tumezoea kumtumia kwa asante), awafungulie watoto pampu ya U2, aina ya pampu ya mkono iliyo kwenye visima vyetu. Wauone mnyororo ulio ndani ya kichwa cha pampu, washike fimbo za chuma, waone mpira wa pistoni uliolika hadi maji hayapandi tena. Watajifunza kwamba mpira mdogo vile unaweza kuwarudisha akina mama wa kijiji kizima kwenye kijito. Watajua pia kwa nini U3 ilibuniwa: kwenye U2 ya kawaida, kuifikia pistoni ni lazima uvute mabomba yote juu, kazi ya wanaume kadhaa, kwenye U3 pistoni inatoka kupitia bomba lenyewe, na watu wawili wanatosha.

Msichana akiona hilo anaelewa jambo ambalo hotuba haimpi. Kwetu wanawake ndio wachotaji na wanaume ndio mafundi, na sababu inayotolewa kila siku ni uzito wa vyuma. Kumbe chombo kinaweza kubuniwa upya uzito ukapungua.

Na kemia ipo pale pale. Kuna visima vilivyoachwa kwa sababu maji yanatoka na kutu, nguo nyeupe zinageuka, chai inakuwa nyeusi. Watu husema kisima kimelaaniwa au kimechimbwa vibaya. Mara nyingi ni bomba la chuma linaloliwa na maji yenye asidi, na chai inakuwa nyeusi kwa sababu chuma kinakutana na tanini ya majani. Mpe mwanafunzi maji hayo, karatasi ya kupimia asidi na majani ya chai, umepata mradi wa muhula mzima. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020 na kundi lake la kwanza kufanya UCE, mtihani wa mwisho wa ngazi hiyo, mwaka 2024, unadai kazi za mradi. Shule zetu zimejibu kwa sabuni ya maji. Kila shule sabuni ya maji! Nina hakika wakaguzi nao wameshachoka kunawa.

Kuna wazazi wataniuliza: kazi zenyewe ziko wapi? Ni swali la haki. Shirika la taifa, ambalo lilianza mwaka 1972 na Kampala, Entebbe na Jinja na leo linahudumia zaidi ya miji 200, haliwezi kuajiri kila anayependa bika. Lakini anayehesabu ajira za maji kwa nafasi za shirika peke yake anahesabu vibaya. Kuna wachimba visima binafsi, kuna mafundi bomba wa nyumba zinazoota kila kona ya Arua, kuna wanaofunga pampu za sola. Tazameni Bidibidi, kambi ya wakimbizi pale Yumbe. Kambi ilipofunguliwa mwaka 2016 maji yaliletwa na malori. Baadaye vikaja visima vyenye pampu za sola, matangi na mabomba. Kila kimoja kinahitaji mtu wa kukitunza, na si lazima mtu huyo atoke Kampala na posho ya kulala hotelini. Anaweza kuwa kijana wa Yumbe au mkimbizi wa Sudan Kusini aliyesoma naye darasa moja.

Ugumu upo, sikatai. Mtambo wa maji si mahali pa kumwagia wanafunzi 90 kwa pamoja; 20 wanatosha, viatu vya kufunika miguu, na chumba cha klorini hakiingiwi na mtoto kwa sababu yoyote ile, maana gesi ile inaua. Matangi yana kina. Mwalimu ahesabu vichwa wakiingia na wakitoka. Ila usalama usigeuzwe kisingizio. Kuna mji mmoja, sitautaja, ambako tuliandika barua, tukaambiwa barua iende ngazi ya juu, ya juu ikaturudisha chini, hadi muhula ukaisha.

Wakuu wa maji wa miji ya Nile Magharibi wangetuondolea usumbufu huo kwa kutangaza siku moja ya shule kila mwezi, wakati wa muhula, na kubandika getini nambari ya mtu wa kupigiwa. Siku hiyo tunaomba atupokee opereta, afisa uhusiano atusalimie tu. Nasi shule tuje na bika zetu wenyewe, tusiwamalizie vifaa, na tulipe shabu tutakayotumia. Haifiki bei ya soda moja kwa mtoto.

Mwalimu wa kemia,
Arua