Kuhusu nguo za watoto za Jumamosi

Ndugu wazazi,

Nawashukuru kwa moyo wote kwa mizigo ya msaada mliyokwisha kuleta kwa ajili ya familia zenye uhitaji. Kabla ya Jumamosi, naomba kila mmoja akague upya anachotoa: nguo ziwe zimefuliwa na kukauka, vifungo vilivyolegea vishonwe upya kwa kuwa mtoto mchanga hutia kila kitu kinywani, na maziwa ya kopo yasiwe yamefunguliwa wala kupitwa na tarehe. Jana nilikuta sweta dogo limekunjwa vizuri, mfukoni mna kalamu mbili za rangi. Aliyelituma alimfikiria mtoto atakayelivaa. Wanetu waje kusaidia kupanga, ila familia zinazopokea zisipigwe picha wala kutajwa humu kikundini, kwani mama mmoja alikaribia kuukataa msaada kwa kuhofia jambo hilo.