Pasaka njema kutoka Goma: amefufuka na makovu yake

Kristo amefufuka! Nanyi itikieni huko mliko: kweli amefufuka. Salamu ziwafikie wa Katindo na Himbi, wa Majengo na Ndosho, na akina mama wa soko la Kituku. Na ninyi ambao Pasaka imewakuta ugenini, Bujumbura, Kampala au kambini Nakivale, mjue majina yenu yanatajwa katika sala zetu.

Katika mkesha wa Pasaka kuna tendo linalopita haraka, na wengi hatulioni kwa kuwa bado tuko nje gizani tunahangaika na vishumaa vyetu. Padri huchukua punje tano za ubani na kuzichomeka kwenye mshumaa mkubwa, zikapangika kama msalaba, huku akitaja madonda matakatifu ya Bwana. Punje tano, madonda matano: ya mikono, ya miguu, ya ubavu. Usiku wa shangwe kuu kuliko zote, na madonda yamo kwenye mshumaa wenyewe!

Yohana naye anasimulia hivyo hivyo. Jioni ile wanafunzi walikuwa wamejifungia ndani kwa hofu (watu wa Goma hatuhitaji kufafanuliwa habari ya kufunga mlango mapema). Yesu akasimama katikati yao, akasema, "Amani iwe kwenu," akawaonyesha mikono na ubavu. Aliyeshinda kifo angeshindwa kufuta kovu? Aliyaacha makovu yake, na siku nane baadaye akamwonyesha Tomaso hayo hayo.

Kwa hiyo huwa nawaogopa wahubiri wanaomwahidi mtu uponyaji mradi asahau yote, au atoe kwanza sadaka ya dola wanayoiita "mbegu". Neema haina bei. Ikiuzwa, hiyo ni biashara, na biashara tunazo za kutosha pale Birere. Paulo alimsihi Bwana mara tatu amwondolee mwiba mwilini, jibu likawa, "Neema yangu yakutosha." Mwiba ukabaki. Basi mama aliyefiwa na mwanawe katika vita vya Januari 2025, akalia mpaka leo, asiambiwe kwamba imani yake ni haba. Machozi hayo ni sala tayari. Na dawa zisidharauliwe: nenda hospitali, ongea na mshauri, omba pia sakramenti ya mpako wa wagonjwa. Havigombani.

Pasaka hii namkumbuka sana Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, mtoto wa mji huu. Alifanya kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia nchini, akakataa rushwa ili vyakula vilivyoharibika visiwafikie watu, wakamuua Julai 2007. Alipotangazwa mwenyeheri kule Roma, tarehe 15 Juni 2025, hakukutafutwa mgonjwa aliyepona kwa maombezi yake, maana kwa shahidi, yaani aliyeuawa kwa ajili ya imani, Kanisa halidai muujiza katika hatua hiyo. Kwa maoni yangu muujiza upo: kijana wa miaka 26, katika mji wa mpakani, na fedha haikumnunua.

Jumatatu ya Pasaka, kabla hamjakaa kula, mpelekeeni sombe na samaki yule jirani ambaye siku hizi haonekani nje. Msimwambie asahau. Akitaka kusimulia, mwacheni asimulie hadi amalize, hata chakula kikipoa.

Pasaka njema, wapendwa. Aleluya!