Kalibu bado ina maji

Tanga, Jumamosi

Sahibu yangu Hamisi,

Salamu nyingi, na wa nyumbani wote wasalimie. Picha za vyambo vyako vya plastiki laini vya kuvulia samaki nimezitazama vizuri. Vile vitobo vya tumboni usimlaumu aliyekuuzia plastisoli, ile plastiki ya maji maji inayopashwa moto na kumiminwa. Ni maji hayo. Umemimina kwenye kalibu ya plasta ambayo haijakauka.

Plasta ya Paris huganda kwa nusu saa hivi, tena hujipasha moto yenyewe, ukiishika unadhani iko tayari. Kumbe ndani imejaa maji. Plastisoli ya nyuzi 170 za Selsiasi ikiyagusa yanageuka mvuke, nao mvuke unapasua njia kupitia chambo. Maji yakizidi, uji ule wa moto unaruka, na ukikutua mkononi haupanguswi, unanata na kuendelea kuunguza. Iweke kalibu shavuni: ukisikia ubaridi, rudisha juani. Mzani wa jikoni ni bora zaidi. Pima kila asubuhi, uandike, na usimimine mpaka uzito ugome kushuka siku mbili mfululizo.

Hiyo ya sasa ina nyufa, tengeneza nyingine. Vikombe 2 vya plasta kwa 1 cha maji, na plasta ndiyo inayonyunyizwa kwenye maji. Koroga pole pole usiingize hewa. Chambo cha mfano kibandike chini ya boksi kwa tone la supaglu, upande wake bapa ukiwa chini, la sivyo kitaelea. Gongagonga boksi mpaka viputo viache kupanda. Ikishakauka kabisa, ipake gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji nusu kwa nusu, mara tatu, kila mpako ukauke. Ukiruka hapa, chambo kitatoka kimebeba chaki mgongoni.

Kwenye kuyeyusha, anza kwa kutikisa chupa dakika nzima, maana unga wake huzama. Mililita 120 zinatosha kikombe kimoja cha kioo kinachostahimili moto. Maikrowevu isiwe ya chakula, na kikombe vivyo hivyo. Dakika 1, koroga, kisha sekunde 20 hadi 30 kila awamu. Itakuwa nyeupe kama maziwa, halafu itakaza kama uji uliolala. Hapo wengi hudhani wameiharibu, wakaitupa. Endelea tu, italegea na kuwa angavu. Rangi matone matatu, basi. Ikianza kuwa ya manjano na kutoa moshi, umepitiliza, na moshi huo una asidi inayokata koo. Ndiyo maana kazi hii ni ya barazani, upepo ukiwa mgongoni mwako, miwani usoni na glavu za ngozi.

Mimina kuanzia mkiani, kwa uzi mwembamba usiokatika. Mkia ni mwembamba, hupoa upesi. Ukianzia kichwani uji unaganda kabla haujafika nchani. Chambo cha kwanza ni cha kupasha kalibu tu, kirudishe kikombeni. Jaza kupita ukingo kidogo, kwa kuwa hunywea kikipoa. Baada ya dakika 5 kitoe, kitie maji baridi, kisha kilaze kikiwa kimenyooka. Kikipoa kimepinda, kichovye maji ya moto ukinyooshe upya.

Kwa sangara wa huko kwenu ongeza kilainishi, kile kimiminika cha kuilegeza plastiki, asilimia 5, mkia upige hata ukivuta taratibu. Ukifika 10 utachanika mapema. Vyambo vibovu vinayeyushwa tena, ila vilivyotiwa chumvi vitenge, kwani chumvi huvuta unyevu na utarudi kwenye vitobo vile vile.

Usivihifadhi kwenye boksi la plastiki ngumu, kilainishi hulila. Mifuko ya nailoni, kila rangi peke yake, maana nyeusi huhamia kwenye nyeupe.

Niandikie uzito wa kalibu mpya wa kila asubuhi, nikwambie kama umimine.

Wako,
Salim