Tusome chapa ya bunduki kabla ya kuisimulia

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kwa sisi tuliozaliwa katika familia za askari hapa Bombo, Uganda, si dogo hata kidogo, nalo ni namna tunavyozitambua na kuzithamini bunduki za kale za kijeshi zilizobaki nchini mwetu.

Hivi karibuni niliwapeleka wajukuu wangu kutazama mkusanyiko mmoja wa vitu vya kale, ambao sitautaja. Ukutani palitundikwa bunduki, na chini yake kibao kilichosema kwamba ililetwa na Kapteni Lugard, afisa wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, alipofika Kampala mwaka 1890. Nilimwomba msimamizi aniruhusu niisogelee. Upande wa kulia, pale chuma kinapopokea mbao za kitako, palikuwa na taji, chini yake herufi G.R., kisha neno Enfield, mwaka 1917 na namba III yenye nyota. Herufi hizo ni za Mfalme George wa Tano, ambaye hakutawala hadi mwaka 1910. Lugard alipopanda kilima cha Kampala, Uingereza ilikuwa chini ya Malkia Victoria, na chapa yake ilikuwa V.R. Ile ni Lee-Enfield fupi, bunduki ya jeshi la Uingereza ya risasi za inchi .303, iliyotengenezwa miaka 27 baada ya safari inayohusishwa nayo.

Kilichoniuma si kosa la tarehe peke yake. Mwaka 1917 ndio mwaka ambao vikosi vya Keya (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza) vilikuwa vikipanuliwa ili kulikabili jeshi la jemadari wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, na bunduki za aina hiyo zilikuwa bado mikononi mwa majeshi ya Uingereza katika Vita vya Pili, ambapo vijana wa Uganda walifika hadi Burma mwaka 1944. Bunduki ile inaweza kuwa ilibebwa na babu wa mtu anayesoma barua hii, lakini babu huyo amefutwa ili nafasi yake ichukuliwe na Lugard.

Anayetaka bunduki za enzi ya Lugard atafute kitu kingine kabla hata hajasoma herufi. Kabla ya vita vya Mengo vya Januari 1892, kati ya Waprotestanti na Wakatoliki wa Buganda, Lugard aliwagawia Waprotestanti magobori pamoja na bunduki za Snider, ambazo kizibo chake nyuma ya mtutu hufunguka kwa kulalia upande wa kulia kama kifuniko cha kasha. Martini-Henry, iliyoingia katika jeshi la Uingereza mwaka 1871, hutambulika kwa wenzo mrefu ulio chini, nyuma ya kifyatulio. Haina komeo la kuvuta wala kasha la kuwekea risasi za akiba, na hupiga risasi moja tu kabla ya kujazwa tena. Nasi Wanubi, tunaosimulia habari za wazee waliotoka Equatoria, jimbo la Misri kusini mwa Sudan, kwa gavana wake Emin Pasha, tujue kwamba silaha ya askari wale ilikuwa Remington ya jeshi la Misri, yenye nyundo kubwa na kizibo kinachobingirika kwenda nyuma. Familia ikionyesha Lee-Enfield na kusema ilitoka Equatoria, heshima ya wazee inatutaka tuseme ukweli kwa upole.

Kuhusu thamani, watu wengi hudhani kwamba kila cha kale ni ghali. Bunduki za Lee-Enfield zilitengenezwa kwa mamilioni, huko Enfield, Birmingham, Lithgow ya Australia na Ishapore ya India, kwa hiyo umri pekee haumvutii mkusanyaji mjuzi. Yeye kwanza hulinganisha namba, kwa kuwa namba iliyo kwenye mtutu inapaswa kuwa ndiyo hiyo hiyo kwenye shina la komeo na kwenye kofia ya chuma ya mbele inayoshika singe. Zikitofautiana, bunduki imeunganishwa kwa vipande, na bei yake hushuka. Vilevile hutazama kama mbao zimekatwa ili kuigeuza bunduki ya kuwindia, na kama ipo alama ya mishale miwili iliyogusana ncha, ambayo maana yake ni kwamba jeshi la Uingereza liliiuza rasmi. Herufi D.P. zinaonyesha kwamba ilibakizwa kwa mazoezi ya gwaride tu, na bunduki hiyo haifai kabisa kupigwa risasi.

Hata hivyo, kwetu sisi naamini karatasi ina uzito kuliko chuma. Cheti cha kuachishwa jeshi, picha, au nishani ya Vita vya Kwanza, ambayo ukingoni huwa na jina na namba ya askari (zile za Vita vya Pili Waingereza walizitoa bila jina), ndivyo vinavyoweza kuiunganisha silaha na mtu.

Bunduki niliyoitaja ilikuwa imesuguliwa kwa msasa hadi chuma kikang'aa, na mbao zake zimepakwa vanishi. Aliyefanya hivyo alikuwa na nia njema, lakini alama kadhaa zimefifia na hazitarudi. Kitambaa laini na mafuta mepesi vingetosha.

Simhimizi mtu yeyote kuficha silaha kwa sababu ni ya kale. Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970 inamtaka mwenye bunduki awe na cheti, na anayeikuta katika nyumba ya marehemu asiiguse, bali awaite polisi waikague kama ina risasi. Ninachoomba ni kwamba, kabla silaha zilizosalimishwa hazijayeyushwa, mtaalamu wa Makumbusho ya Uganda pale Kitante aitwe azipige picha, anakili chapa na namba zake, na zile chache zenye historia ziharibiwe uwezo wa kufyatua na kuhifadhiwa.

Msimamizi wa mkusanyiko ule nilimwandikia maelezo ya chapa kwa mkono wangu, naye akayapokea kwa adabu. Nilipopita tena wiki iliyofuata, kibao kilikuwa bado kinasema 1890.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu wa historia,
Bombo